Karani Aliyetunza Funguo Zetu

Alikozaliwa sikujui na sitaki kukujua. Wala sitauliza babake alikuwa nani. Watu wa Kambi Muru, kijiji chetu kule Kibera, walimwita Karani, nami nitamwita hivyo hivyo, maana kumtaja kwa jina lake kamili ni heshima ambayo sina mpango wa kumpa. Ninachokijua kinanitosha. Mtu huyu alikaa mlango wa pili kutoka kwetu kwa miaka saba, akanifundisha kushika penseli, akala samaki wa mama yangu kila Ijumaa, kisha siku moja akachukua chaki akaandika kwamba sisi hatupo. Mama yangu anatembea na fimbo kwa sababu ya chaki ile. Nimeketi kuandika haya ili naye aandikwe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mabega yaliyoinama mbele kidogo. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kazi yake: wa juu kushoto penseli, wa juu kulia chaki iliyofungwa kwenye karatasi ili isimwage unga, wa chini daftari, na wa mwisho kipande cha mkate alichokila saa saba kamili akiwa amesimama. Kola aliifunga mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye jua la Februari. Wakati wa mvua alivalisha viatu vyake mifuko ya nailoni na kuikaza kwa mipira ya baiskeli, na watoto tulimfuata nyuma tukiiga mwendo wake. Hakutufukuza hata mara moja. Aligeuka tu, akatuhesabu, akatutangazia tuko wangapi, akaendelea na safari.

Baiskeli yake nayo ina habari zake. Ilikuwa nyeusi, imepakwa mafuta vizuri, na ndani ya kijiji sikumwona akiipanda kamwe. Aliisukuma kwenye kile kinjia chetu cha udongo, akifika penye mtaro aliinyanyua begani, akavuka kwa mawe matatu yaliyowekwa hapo na akina baba, akaendelea kuisukuma mpaka barabara kubwa. Huko ndiko alikopanda. Jioni mambo yalikuwa yale yale, kwa kurudi. Akina mama waliouza kando ya reli pale Laini Saba hawakumwacha apite hivi hivi.

"Karani, hiyo baiskeli inakubeba ama ni wewe unaibebanga?"

"Tunabebana, mama. Asubuhi mimi, mchana yeye."

Nalitaja hili la baiskeli mapema kwa makusudi. Asije mtu akaniambia Karani hakujua njia yetu ilivyokuwa. Aliijua kwa bega lake.

Kuhesabu kulikuwa ugonjwa wake. Garimoshi la mizigo likipita, alisimama akayahesabu mabehewa, na ukimsemesha hapo katikati alikunyamazisha kwa kidole. Alijua hatua za kutoka kwake mpaka kituo cha basi, za kiangazi na za masika, kwa maana masika hatua huongezeka kwa kukwepa matope. Alijua bomba la maji linahudumia milango mingapi na foleni huanza kuwa ndefu saa ngapi. Tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, tulimwita aje awe mwamuzi, na hapakuwa na ubishi akishasema. Alikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka tukayajua kwa moyo: "Mimi siandiki maneno ya kusikia. Naandika nilichoona na macho." Aliyasema akigonga kidole chini ya jicho lake la kulia. Nikiwa mtoto niliona ni maneno makubwa sana, nikayasema hata shuleni.

Wema wake nitauandika pia, hata kama unanikereketa. Aliwasomea barua wale wasiojua kusoma, na hakukubali hata soda. Kama barua ilikuwa na habari za msiba, alimwambia mwenyewe aketi kwanza, kisha akaisoma polepole, na baadaye hakuitaja kwa mtu. Nilipoanza darasa la kwanza bila penseli, alikata yake katikati kwa kisu cha mkate, akanichongea nusu, akanionyesha namna ya kuikamata nisiumize vidole. Mwandiko wangu mpaka leo una mkia mrefu kwenye tarakimu ya saba, na mkia huo ni wake. Nimejaribu kuuacha nikashindwa.

Sasa nieleze habari za funguo, maana ndipo ubaya ulipolala.

Desemba, Kambi Muru ilihama. Mwaka mzima tulibanana, familia moja chumba kimoja, lakini ikifika wiki ya Krismasi kila aliyepata nauli alikwenda nyumbani kwao. Sisi tulikwenda upande wa ziwa, kwa nyanya yangu, na mikate, sukari na blanketi jipya juu ya basi. Waliobaki walikuwa wachache: walinzi waliokosa ruhusa, wagonjwa, na watu wasio na pa kwenda. Karani alikuwa katika hao wa mwisho. Hakuna aliyejua kwao, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba kwao ni mbali.

Basi ilikuwa desturi kwamba anayebaki huachiwa funguo. Amlishe kuku, achungulie kama paa linavuja, na moto ukizuka afungue aokoe magodoro. Karani alizipokea funguo za kinjia chetu chote. Alizitunga kwenye kamba ya katani, kila ufunguo na kitambaa chake ili asichanganye, akazivaa shingoni ndani ya koti. Wetu ulikuwa na kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye leso kuukuu ya mama.

"Karani, hiyo kuku yangu ikitaga, mayai kula," mama alimwambia asubuhi ya kuondoka, mwaka ule wa chaki. "Lakini kuku yenyewe usiniguzie."

"Nitakuandikia mayai yote, Mama Auma. Mnarudi lini?"

"Shule ikikaribia. Hawa watoto watakaa wapi tena? Hapa ndio kwetu."

Alitusaidia kufunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Nilimpungia mkono.

Mwaka huo tulikuwa na hamu moja kijijini. Akina mama walikuwa wamechoka na kinjia chetu. Walitaka barabara ya changarawe kutoka barabara kubwa mpaka ndani, ili basi, au angalau gari lolote, liweze kufika. Mama yangu alikuwa mbele katika hilo kwa sababu ndiye aliyebeba beseni la samaki kichwani kutoka kituoni kila alfajiri. Walikusanya alama za vidole gumba kwenye karatasi wakaipeleka ofisi ya serikali, alikofanya kazi Karani. Afisa akawajibu vizuri: barabara hupelekwa palipo na watu. Leteni hesabu ya watu wenu, na mseme wanasafiri vipi. Kazi hiyo akapewa Karani, kwa kuwa alikuwa anakaa kwetu na kwa kuwa hesabu zake hazikuwa na doa. Siku habari hizo zilipofika tulimpigia makofi. Mama alimkaangia samaki mkubwa, mbuta, akamwekea kichwa.

Tulimngoja Novemba yote aanze, hakuanza. Alisema fomu hazijaletwa. Tukaenda nyumbani Krismasi. Tuliporudi Januari, kila mlango ulikuwa na chaki. Juu nambari ya mlango, chini yake idadi ya watu. Mlango wetu uliandikwa thelathini na moja, na chini yake sifuri.

Kuku alikuwa mzima. Mayai aliyotaga alikuwa ameyapanga ndani ya chungu chenye majivu, hakula hata moja, na pembeni palikuwa na karatasi yenye tarehe ya kila yai. Ufunguo aliurudisha na kitambaa chake chekundu. Mtu wa kinyume namna hii sijakutana naye tena. Baba, ambaye alisoma kidogo, aliinyooshea kidole ile chaki.

"Karani, hii sifuri ni ya nini?"

"Hiyo ni ya ofisi, Baba Auma."

"Ofisi wanajua sisi tuko wangapi?"

"Ofisi wanajua kazi yao."

Baba akaridhika. Akatuonya watoto tusiifute, kwa sababu ni chaki ya serikali. Na kwa kuwa paa letu lilitokeza mbele kidogo, hata manyunyu hayakuigusa. Miezi mitatu niliitunza ile sifuri kwa mikono yangu, nikiwafukuza wenzangu waliotaka kuichezea.

Mwezi wa pili Karani alihama. Alikuwa amepata mahali Kawangware, alisema, karibu na Riruta Satellite. Kinjia kizima kilitoka kumsaidia. Akina baba walimsukumia mkokoteni, mama akamfungia samaki wa njiani, na mimi nilibeba taa yake ya chemni kwa mikono miwili mpaka barabara kubwa nisije nikaivunja. Nikikumbuka jinsi nilivyoibeba taa ile kwa uangalifu, natamani ningeitupa kwenye mtaro.

Masika yalikuja. Asubuhi moja ya Aprili, mama akitoka kituoni na beseni la samaki kichwani, aliteleza penye yale mawe matatu. Alianguka kwa ubavu, upande wa nyumbani, na mguu ukakataa. Baba alikuwa bado hajaondoka kwenda kazini, akakimbia mpaka barabara kubwa kutafuta teksi. Dereva alichungulia kinjia chetu kupitia dirishani.

"Huko mimi siingii. Hiyo ni matope, si barabara. Mleteni hapa."

Hatukuwa na machela. Jirani mmoja akapiga kelele, "Toa mlango!" na wakaung'oa mlango wetu kwenye bawaba zake. Walimlaza mama juu yake, wanaume wanne, na mimi pembeni nikimfunika kwa gunia. Kichwa chake kilikuwa kimelala karibu na thelathini na moja. Sifuri ilikuwa kando ya shavu lake. Niliitazama njia yote, sikuwa na pengine pa kutazama.

Penye mtaro aliyekuwa mbele aliteleza. Mlango ukainama, mama akaporomoka, akaangukia nyonga ile ile. Hakulia. Alinishika mkono akaniuliza, "Auma, samaki zangu ziko wapi?" Nikamwambia ziko salama. Zilikuwa matopeni, na mbwa walikuwa wameshafika.

Hospitali, daktari alituambia mfupa ulivunjika mara ya kwanza vizuri, yaani kwa namna ambayo ungeungika. Mara ya pili ndiyo iliyouharibu. "Kama mngemleta kwa gari," alisema, kisha akaona uso wa baba, akarudi kuandika. Mama alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi akiwa na fimbo. Hakubeba beseni tena maisha yake. Mlango wenyewe uliachwa pale barabarani siku ile, na tuliporudi kuutafuta ulikuwa umekwisha kuwa kuni za mtu.

Mwezi wa sita baba na wazee wawili walikwenda ofisini kuuliza barabara yao imefikia wapi. Afisa akatoa faili akawasomea. Baba alipofika nyumbani hakuketi. Alituambia akiwa amesimama, neno kwa neno, kwa vile alikuwa ameyashika njia nzima asiyasahau.

"Ameandika milango mingi ya hapa imefungwa na kufuli. Ati hizo nyumba ni stoo. Ameandika watu ni wachache, wanatembea kwa miguu, wamezoea, hawana haja na gari."

"Stoo," mama akasema kutoka kitandani.

"Stoo. Na siku aliyohesabu ni wiki ya Krismasi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitoka nje nikasimama mbele ya pazia lililokuwa badala ya mlango. Maana mimi niliona mara moja jambo ambalo baba alikuwa hajaliona. Siku ile Karani aliposimama mbele ya kufuli letu, akaandika sifuri, ufunguo wetu ulikuwa shingoni mwake. Kitambaa chekundu kilikuwa kinamgusa ngozi. Ndani ya hicho alichokiita stoo kulikuwa na kuku aliyekuwa amemlisha asubuhi hiyo kwa mkono wake. Mtu aliyeandika alichokiona kwa macho alikuwa ameona vikombe vyetu vitano, godoro letu, na daftari langu lenye tarakimu zake.

Sababu tuliijua polepole. Mwenye ploti wetu alikuwa ameiambia ofisi miaka yote kwamba vyumba vyake ni vya kuwekea mizigo, maana hakuwa na ruhusa ya kujenga vya kulala watu. Hesabu ya kweli ingemuumbua. Na mwenye ploti huyo huyo alikuwa na shamba la urithi kule Kawangware. Mama mmoja aliyeuza samaki soko la huko ndiye aliyetuletea habari: Karani hakodi chumba, anakaa pake, kwenye kipande kilichokatwa kutoka shamba la mwenye ploti wetu. Basi. Hapo kila kitu kikakaa mahali pake.

Mama hakunisaidia kumchukia. Nikianza kumtukana Karani, yeye akichambua mboga mlangoni, alinikatiza.

"Wewe wachana na huyo mtu. Si alinirudishia mayai zangu zote?"

"Mama, alikurudishia mayai akakuvunja mguu!"

"Mguu nilianguka mimi mwenyewe."

Nilitoka nje nikauma ngumi. Nadhani hilo la mayai ndilo lililonichoma kuliko yote. Mwizi kamili ningemwelewa.

Nilikuwa na mipango. Nilipanga kumwandikia barua kali, nikaiandika mara nyingi, na kila nilipofika kwenye tarakimu ya saba nilikasirika nikaichana. Nikiwa na miaka kumi na sita nilitembea kwa miguu kutoka Kibera mpaka Kawangware na debe la maji yaliyooshewa samaki, yamekaa juani siku mbili. Watu njiani walinipisha wakiziba pua. Nikakiulizia chumba chake, nikakipata kimefungwa, nikamwaga debe zima kwenye kizingiti. Nilirudi nyumbani nikiimba. Wiki moja baadaye yule mama wa soko akaniambia Karani alisugua mlango wake kwa majivu siku mbili, akiwaambia majirani kwamba ni paka. Hata hasira yangu aliipa jina la paka.

Miaka ilikwenda. Nikawa mwalimu, nikapewa shule upande wa Kawangware, nikapanga chumba Satellite na kumhamishia mama kwangu, mahali ambapo gari linafika mlangoni. Siku ya kwanza alipoteremka kwenye matatu na kukuta mlango hatua chache tu mbele yake, alisimama akiegemea fimbo, akageuka akaitazama barabara. Nami nilihesabu zile hatua.

Kisha Agosti moja, shule zikiwa zimefungwa, walimu tuliajiriwa kuhesabu watu. Fomu ilikuwa na sehemu mbili: watu, na namna wanavyosafiri. Kanuni ilikuwa ile ile ya zamani. Chaki mlangoni, nambari juu, idadi chini. Nilipoona orodha ya vinjia nilivyopangiwa, niliipitisha kidole mpaka chini. Kinjia cha Karani, kile cha nyuma ya soko, kilikuwamo. Mwalimu mwenzangu alijitolea tubadilishane, kwa kuwa changu kilikuwa na matope. Nikamkatalia kwa ukali mpaka akashangaa.

Kinjia chenyewe ungedhani kimekatwa kutoka kwetu kikaletwa huko. Mabati huku, mabati huku, mtaro katikati na mbao za kuvukia. Jirani yake, mwanamke mwenye mimba kubwa, alikuwa anafua.

"Sasa mwalimu. Unatafuta huyo mzee? Yuko ndani, haendangi mahali. Miguu imekataa." Akaupangusa mkono povu. "Na tafadhali, andika hii barabara yetu. Mimi mwezi ujao najifungua. Nitapitishwa wapi hapa?"

Nikamwambia nitaandika. Nikabisha mlango wa Karani.

Alikuwa ameketi kitandani, koti la kaki mwilini, kola imefungwa mpaka juu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Baiskeli ilining'inia ukutani, magurudumu yake hayana upepo. Kwenye msumari kando ya kitanda ilikuwapo ile kamba ya katani, na ufunguo mmoja tu, wake.

"Nani?"

"Mtu wa hesabu."

Uso ulimng'aa. "Karibu, karibu! Umeanzia mlango gani? Anza juu uteremke, usiruke. Na usikubali jirani amjibie jirani. Andika ulichoona na macho."

Nikamwacha amalize somo lake. Nikavuta kigoda, nikauliza maswali kwa sauti ya kazi. Anakaa na nani? Peke yake. Anasafiri vipi? Akacheka.

"Mimi safari yangu ni ya kitanda na ndoo. Lakini andika hatuna barabara. Andika na herufi kubwa. Nikizidiwa hapa, nitatolewa namna gani?"

"Kwa mlango," nikasema.

"Namna gani?"

"Watu wanang'oa mlango, mzee, wanakulaza juu yake. Wakifika kwa mtaro, mmoja anateleza."

Mkono wake ulipapasa kifua, pale funguo zilipokuwa zikikaa zamani.

"Wewe ni Auma."

"Ni mimi."

"Mama yako..."

"Anatembea na fimbo."

"Nilisikia."

"Ulisikia, na hukukuja."

Nje yule mwanamke alikuwa akikamua nguo, maji yakimwagika mtaroni. Kisha Karani akaanza kusema, na alisema kama mtu aliyekuwa na maneno hayo tayari kwa miaka. Alisema aliona kwa macho yake mahali pengine, kabla hajaja kwetu, watu walipohesabiwa wakaonekana ni wengi mno. Barabara haikuja. Lilikuja tingatinga la kubomoa. Alisema sisi tulidai barabara bila kujua tunajiitia nini. Alisema alitungoja tuondoke, ili mkono wake uandike milango iliyofungwa kwa kweli, asiandike uongo.

"Niliwaficha, Auma. Kambi Muru mpaka leo iko."

Ni kweli iko. Nimelifikiria hilo siku nyingi tangu aliseme, na silipendi hata kidogo, maana huenda alisema kweli. Lakini nilikuwa na swali langu.

"Na hii ploti?"

"Nilipewa."

"Kabla ya kuhesabu, ama baadaye?"

Alifunga na kufungua kile kifungo cha shingoni.

"Kabla."

"Basi usiniambie ulituficha. Ungetuuliza, mzee. Ungemuuliza mama yangu: unataka barabara na hatari yake, ama unataka kufichwa? Mama angekujibu."

"Mlikuwa mmeenda nyumbani," akasema, sauti imemwisha.

Nilichukua fomu nikamwandika. Mwanamume mmoja, mzee, anaishi peke yake, haendi popote. Njia ya miguu, gari haliingii. Haja ya barabara niliiandika kwa herufi kubwa kama alivyotaka, ila niliiandika kwa ajili ya yule mwenye mimba. Sikumfanyia alivyotufanyia, na msinisifu kwa hilo, nilijizuia kwa meno. Kwenye karatasi ya ofisi nilimpa haki yake yote.

Mlango ulikuwa wangu.

Nikatoka nikaufunga nyuma yangu. Niliandika nambari, na chini yake nikaandika sifuri. Sikuiandika ndogo. Niliizungusha polepole, nikarudia juu yake tena, chaki ikilia kwenye mbao, mpaka ikawa nene ya kuonekana toka mwanzo wa kinjia. Yule jirani aliacha kufua.

"Mwalimu, si huyo mzee yuko?"

Niliirudisha chaki mfukoni. Ndani kitanda kililia. Karani alikuwa ameandika kwenye milango maisha yake yote, na alijua tarakimu ya moja ni mkwaruzo mmoja mfupi. Alikuwa ameusikia wangu ukizunguka.

"Auma." Sauti yake ilikuwa karibu sana na mbao, sijui alijikokotaje mpaka hapo. "Auma, umeandika ngapi?"

"Hiyo ni ya ofisi, mzee," nikamwambia, nikaenda kubisha mlango uliofuata.